Kalamu Shingoni mwa Gitaa

Bi Somoe alipoisikia sauti ya kaka yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka hamsini, hakulia. Alivuta mtandio hadi kwenye nyusi, akasikiliza nyimbo zote, kisha akamwambia Sadallah, "Ndiye. Sauti ya mwanaume." Akaomba awekewe kwenye simu. Sadallah akamwekea, akarudi kwake Goba akiamini kwamba kazi imekwisha.

Kanda yenye sauti hiyo ilitoka Kunduchi. Mchuuzi mmoja wa samaki wa huko, ambaye sasa ni marehemu, alikwenda ukumbini Temeke mwaka 1974 akiwa na redio kaseti, akaketi karibu na jukwaa, akaipakata na kurekodi onyesho la kwanza la bendi ya Kimondo. Walikuwa vijana watano waliopiga roki, au bugi, kama watu walivyoiita wakati ule. Studio hawakuwahi kuingia. Mwaka uliofuata mwimbaji wao, Faraji, alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, na bendi ikafa naye. Watoto wa mchuuzi walipoikuta kanda chini ya sanduku la nguo, waliipeleka kwa Sadallah, ambaye kazi yake ni kusafisha sauti za zamani. Kampuni moja ndogo ikakubali kuitoa kama santuri. Ndugu pekee wa Faraji aliyebaki alikuwa Bi Somoe, na yeye alitoa idhini kwa sharti kwamba asikie kwanza na athibitishe kuwa aliyeimba ni kaka yake.

Kanda haikuwa rahisi. Betri za mchuuzi zilikuwa zimechoka, huenda zilikuwa zimeanikwa juani zipate nguvu kidogo, kama ilivyokuwa desturi. Mota ya redio ilirekodi ikijivuta, kwa hiyo kanda ilipochezwa kwenye mashine nzima, kila kitu kilikimbia, na Faraji akasikika kama kifaranga. Sadallah alilazimika kuirudisha kwenye mwendo wake wa kweli. Kipimo alichochagua ni gitaa. Mpigaji, Albano, alisikika wazi akizipiga nyuzi bila kuzibana kwa vidole, na nyuzi zilizo wazi zina sauti inayojulikana. Sadallah alipunguza mwendo mpaka nyuzi hizo zikakaa mahali pake. Kabla ya hapo alikuwa ameuondoa mvumo wa umeme uliotoka kwenye spika za ukumbini. Mvumo ni uchafu, na mtu wa kazi yake huanza na uchafu.

Kabla ya kutuma kazi kwa kampuni, alimpigia Albano simu ili apate majina ya nyimbo. Albano alikuwa amestaafu kuchonga vinyago na alikuwa akiishi kwa binti yake huko Madale, sikio moja limekufa. Sadallah alimchezea wimbo wa kwanza kwa simu. Mzee alisikiliza kidogo, akauliza ni nani hao.

"Ni nyie, mzee. Kimondo."

"Sie? Mbona tunapiga kama tuko msibani? Vijana walikuwa wanaruka mpaka viatu vinawatoka pale, na wewe unatuzikisha."

Sadallah alimweleza kuhusu betri, mwendo na nyuzi zilizo wazi. Albano akacheka mpaka akakohoa. Nyuzi hazikuwa wazi hata kidogo, alisema. Alikuwa akifunga kalamu ya risasi kwa mpira wa baiskeli kwenye shingo ya gitaa, kwenye tundu la pili, yaani nafasi ya pili kati ya vyuma vyake, ili izibane nyuzi zote na sauti ipande. Wapigaji wengi walifanya hivyo, maana kibano cha dukani hawakukiona popote. Sadallah akauliza kwa nini waliipandisha.

"Kwa ajili ya Faraji. Chini hafiki. Sauti ilikuwa bado ya kitoto ile."

Kumbukumbu ya mzee wa miaka sabini na kitu haikumtosha Sadallah. Alirudi kwenye nakala ya awali, ambayo haijasafishwa, akautafuta ule mvumo aliokuwa ameutupa. Umeme wa nchi hii hutetemeka mara hamsini kwa sekunde, na ulitetemeka hivyo hivyo mwaka 1974, aimbe mtoto au aimbe mkubwa. Katika kazi aliyokwisha kuimaliza, mvumo ungekuwa umezama chini ya hamsini. Aliupandisha mpaka hamsini, na gitaa likapanda nalo kwa kiasi kilekile ambacho kalamu kwenye tundu la pili ingelipandisha. Vitu viwili visivyojuana vilikuwa vimesema jambo moja. Akaufuata mvumo tangu mwanzo wa kanda hadi mwisho, akiunyoosha kila betri zilipolegea. Alipomaliza, aliyekuwa akiimba alikuwa mtu mwingine.

Angeweza kunyamaza. Bi Somoe alikuwa amekwisha kuridhika, na hakuna mnunuzi ambaye angegundua. Lakini santuri ingebeba jina la Faraji, na sauti ile nzito haikuwa ya Faraji. Ilikuwa ya hesabu mbovu. Asubuhi akaenda Temeke kwa Bi Somoe.

Alipomaliza kueleza, Bi Somoe alimtazama.

"Kwa hiyo unataka kuninyang'anya."

"Nataka usikie, mama. Ukisema siye, siitumi."

Bi Somoe akaanza kumsimulia, kana kwamba yuko mbele ya hakimu. Baada ya wazazi wao kufariki, Faraji ndiye aliyemlea. Mchana alibeba mizigo bandarini, jioni alipika, usiku alipiga muziki. Alikuwa mrefu, hata mlangoni aliinama. Alipomwita dada yake, watoto wa mtaa mzima walitulia. Sauti ya mtu wa namna hiyo haiwezi kuwa nyembamba.

"Mwaka ule wa onyesho wewe ulikuwa na miaka mingapi, mama?"

"Tisa."

"Na yeye?"

Akahesabu kwa vidole. Ilionekana hajawahi kuzipiga hizo hesabu. Faraji alizaliwa miaka minane kabla yake.

Sadallah akafungua kompyuta yake, akamvalisha vipokea sauti, akaanzia sehemu iliyo kati ya nyimbo mbili za mwanzo, ambapo hakuna gitaa wala ngoma za kuificha sauti. Faraji alikuwa akiwaambia watu waliojazana mbele ya jukwaa, "Jamani, msikanyage waya. Nawaomba, msikanyage waya." Katika *nawaomba* sauti ilimkatika, kama inavyowakatika wavulana, na watu wakamcheka. Akacheka nao.

Bi Somoe aliweka mkono juu ya kipokea sauti kimoja, akakikandamiza sikioni. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Nyumbani palikuwa na waya unapita sakafuni, wa pasi," alisema. "Kila siku ananiambia hivyo hivyo. Msikanyage waya. Mie niko peke yangu, lakini anasema *msi*, kama tuko wengi."

Sadallah akaisimamisha sauti.

"Alikuwa mtoto," Bi Somoe akasema. "Nilimlilia viatu vya Idi. Siku tatu nagoma kula, mpaka akavileta. Sikumuuliza amevitoa wapi. Nilidhani watu wazima wanavyo tu."

Akavua vipokea sauti, akavifuta kwa upindo wa khanga, akavivaa tena. Sadallah akauliza ni ipi aitume.

"Hiyo. Na jina lake waandike na umri."

Akamsukumia simu yake juu ya meza, ile yenye sauti nzito, akamwambia aifute sauti hiyo, yeye hajui panapobonyezwa. Sadallah akaichukua. Alipokuwa akitafuta, Bi Somoe alinyoosha mkono kuelekea kwenye kompyuta bila kuigusa.

"Usiende kwenye wimbo bado," alisema. "Nirudishie pale kwenye waya."