Walivyouchukua Wimbo wa Kidoti

Mama mkubwa alifika kwetu mchana wa jua kali, viatu mkononi, na hakusalimia mtu. Alipitiliza hadi uani, akafungua bomba, akanawa uso, akanawa tena. Mama akamfuata.

"Dada, kuna nini? Nani amefariki?"

"Kidoti," akajibu. "Wamemuua mara ya pili."

Kidoti alikuwa mwanawe wa pekee. Surua ilimchukua kabla hajaanza shule. Siku zile za homa mama mkubwa alimtungia wimbo, akawa anamwimbia kitandani huku akimpepea: lala, mama yupo, haendi popote. Baada ya maziko aliendelea kuuimba peke yake, akipiga kinanda chake cha kukanyaga. Ukienda kwao ukakuta mlango wa sebule umefungwa, hugongi. Unakaa nje unasubiri.

Mumewe alikuwa kiongozi wa bendi ya polisi. Nchi ilikuwa inakaribia kupata uhuru na haikuwa na wimbo wake, kamati ikatangaza mashindano, na baba mkubwa akashinda. Nyumbani hakusema kitu. Alimwambia tu mkewe kuna tafrija kwenye ukumbi wa manispaa, avae vizuri.

Basi akavaa. Alituhadithia mwenyewe, ameketi kwenye ngazi ya jikoni, maji yanamchuruzika kidevuni. Alisema watu walimpa mkono, hongera mke wa mtunzi, naye akafurahi hasa, maana mumewe alikuwa anampenda. Mwenyekiti wa kamati akaomba wote wasimame. Tarumbeta zikaanza.

"Sikuutambua mara moja," alisema. "Wameukimbiza, wameutia ngoma, buum, buum, kama gwaride. Halafu ukafika pale unaposhuka, pale nilipokuwa nikimshika paji la uso. Nikajua."

Alipita katikati ya wageni, akapanda jukwaani, akaukamata mkono wa mumewe uliokuwa hewani. Bendi ikanyamaza vipande vipande. Wa mwisho alikuwa mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, ambaye akishapuliza haoni mtu.

Wakamvuta hadi chumba cha nyuma, wanamoweka vyombo vya muziki.

"Nimemfanya asife," baba mkubwa akasema. "Huelewi? Nchi nzima itamwimba mtoto wetu."

"Itamwimba nani? Nani anamjua? Mimi nilisema lala, nyie mnawaambia watu simameni!"

"Punguza sauti, mke wangu."

"Haya, niimbie maneno yake. Mstari mmoja tu."

 Baba mkubwa hakujua hata neno moja la wimbo ule. Wakati wa homa alikuwa ziarani na bendi. Baada ya maziko alikuwa upande wa pili wa mlango, na kilichopenya pale ni sauti tu, si maneno.

Mwenyekiti akaingia, mtu mpole, anajifuta jasho. Akasema jina la mama mkubwa linaweza kuongezwa kando ya la mumewe. Akasema ni heshima kubwa. Akasema pia kwamba nakala zimeshatawanywa mashuleni, kwa hiyo kurudi nyuma hakupo.

"Jina silitaki. Nautaka wimbo wangu."

"Mama, sasa ni wa wananchi."

"Wananchi walikuwa wapi nilipokuwa namzika?"

Akavua viatu, kwa sababu vilikuwa vinambana na alikuwa na safari ndefu ya miguu, akatoka.

Siku ya uhuru tulikuwa sebuleni, redio imefunguliwa hadi mwisho. Nje watu walikuwa wanapiga masufuria, wanakumbatiana na wasiowajua. Mama mkubwa naye alikuwa ameutaka uhuru ule. Aliwahi kulala mahabusu kwa ajili yake. Mtangazaji akasema bendera inapanda, na wimbo ukaanza. Mama akasimama. Nadhani miguu ilisimama yenyewe. Alipomwona dada yake ameketi akataka kukaa, akashindwa, akabaki ameinama nusu, mkono kwenye kiti, machozi yanamtoka.

"Simama tu, mdogo wangu," mama mkubwa akasema. "Ni siku yako. Ilikuwa siku yangu pia, wakaniharibia, na hilo siwasamehe."

Akaenda uani kufua mashuka yaliyokuwa masafi. Tulimsikia akiyapiga kwenye sakafu mpaka redio ikahamia kwenye hotuba.

Hakurudi kwa mumewe. Baba mkubwa alipewa nishani, na barabara moja ikapewa jina lake. Alikuja kwetu mara kadhaa, kofia mkononi. Mama alimfungulia mlango wa nje, mkewe hakumfungulia wa chumbani hata mara moja. Mkabala na nyumba kulikuwa na shule, na kila asubuhi watoto walipoanza kuimba, mama mkubwa alifunga madirisha kwa kishindo, moja baada ya jingine, mpaka uzee ukamzidi nikawa namfungia mimi.

Baba mkubwa alipokufa, akaja mwandishi wa habari, msichana mwenye adabu zake. Alikuwa amesikia fununu.

"Bibi, ni kweli wimbo wa taifa ni wako?"

"Wangu una maneno mengine."

"Ungeniimbia kidogo?"

Mama mkubwa akamtazama. "Ili muupeleke wapi tena?"

Akaniambia nimpe mgeni maji ya kunywa, kisha nimsindikize.

Mwaka uliofuata tulimzika. Serikali ikatuma bendi. Niliwakuta wanashusha ngoma kubwa kutoka kwenye lori, kofia zao nyeupe, vifungo vinang'aa. Niliyowaambia hayaandikiki. Lakini ngoma waliipandisha tena.