Meno ya Mwenyekiti

Meno ya mwenyekiti wa mtaa yaliletwa kwa fundi Jumanne saa nne asubuhi, ndani ya kopo la siagi lenye maji nusu. Aliyeyaleta ni mke wa mwenyekiti. Aliliweka kopo mezani, akajifuta mikono, akaketi kwenye stuli ya wateja.

"Yanabana?" fundi akauliza.

"Hayabani, dada. Yanasema."

Fundi alikuwa na miaka ishirini na mbili katika kazi ya meno bandia, hayo yenyewe aliyatengeneza yeye, na alijua kuuliza kwa mpangilio. "Yanasema akiwa ameyavaa, au akishayavua?"

"Akishayavua. Mdomoni yametulia kama maji mtungini. Yatie koponi tu, ya juu yanaanza, ya chini yanaitikia."

"Yanasema nini?"

Mke wa mwenyekiti akatazama dirishani. "Jana tulikuwa na wageni, na kopo lilikuwa kabatini. Yakasema bomba la mtaa halijapasuka popote. Eti mzee alilikata pale darajani, akalielekeza kwenye kiwanda chake cha matofali."

"Wageni wakasemaje?"

"Wakaomba sukari."

Fundi akaandika kwenye daftari: sauti, juu na chini.

Mtaa ule ulikuwa na miezi minane bila maji. Kila asubuhi fundi alishuka bondeni na ndoo mbili, akapanda nazo, na akifika kazini alikaa robo saa akisubiri mikono iache kutetemeka, maana kauri ya meno haina simile. Mama mkwe wake, aliyeshinda naye karakanani kwa kuwa nyumbani kulimboa, alikuwa amekata kauli kwamba bomba limeliwa na kutu likapasuka. Mwenyekiti ndiye aliyewaambia hivyo mkutanoni, na alikuwa na tabasamu zuri.

"Niyasage hadi wapi?" fundi akauliza.

"Hadi yanyamaze."

Mteja alipoondoka, fundi alivaa miwani na barakoa, akachomeka mota. Akachagua kijiwe cha kusagia cha kijani, kile kidogo cha ukubwa wa punje ya mahindi, kwa sababu juu ya kauri vijiwe laini huisha kama sabuni. Akakizungusha hewani kwanza asikie kama kimekaa sawa. Akalidondoshea jino maji, tone kwa tone, akaligusa bila kukandamiza. Ukikandamiza, kauri hushika moto ikapasuka.

"Taratibu, shangazi," yakasema meno ya juu. "Hapo ndipo tunapotamkia herufi sini."

"Samahani," fundi akasema, akasogea pembeni.

Mama mkwe akavuta stuli. "Nyie, hebu semeni. Bomba lilikatwa lini?"

"Siku ya pili baada ya uchaguzi, bibi. Mikono yake ilishika msumeno, sisi tukauma tochi."

"Tochi ya rangi gani?"

"Nyekundu, imefungwa mpira mkiani."

Mama mkwe akamgeukia fundi. "Ni kweli. Aliiazima kwangu, na mpaka leo hajairudisha."

Fundi alisaga hadi adhuhuri. Baada ya mkupuo wa kwanza meno yalipata kitembe, yakawa yanasema "mthumeno." Baada ya wa pili yalipiga mluzi mwisho wa kila sentensi. Akabadilisha, akatia kijiwe cheupe cha kulainishia, kisha kitambaa cha kung'arishia, na hapo yakatoka na sauti ya msoma taarifa ya habari. Ilibaki njia moja tu, kuyasaga yote yawe unga. Fundi akarudisha kijiwe cha kijani, akakanyaga pedali, akakisogeza hadi kikakaribia jino la mbele. Meno hayakuomba lolote. Alikaa hivyo kitambo, mota ikiunguruma, bega la kulia likimuuma palepale linapouma siku zote akitoka bondeni. Kisha akaondoa mguu.

"Yamekwisha," akasema.

"Yamenyamaza?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama. Yamekwisha kusagwa."

Jumamosi mwenyekiti alikuja mwenyewe, mashavu yamebonyea, mpole kama mkwe anayeposa. Meno yalimsalimia kutoka koponi, yakamtajia urefu wa bomba na idadi ya maungio. Alisikiliza hadi mwisho.

"Matamshi yamenyooka," akakiri. "Hongera, mwanangu. Sasa nitengenezee mengine, ya plastiki. Hayo kaa nayo."

Fundi akamjaza mdomoni lile donge la kuchukulia alama ya fizi. "Na maji, mzee?"

Mwenyekiti akajibu kwa kirefu, huku akipunga mkono. Hakuna neno lililotoka.

Mkutano wa mtaa uliofuata, fundi alikwenda na kopo, akaliweka mbele ya watu. Meno yakaeleza yote: daraja, msumeno, tochi, kiwanda. Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja aliomba sehemu ya daraja irudiwe kwa ajili ya waliokaa nyuma, ikarudiwa. Mwanamke mwingine alisema tangu ahamie pale hajasikia taarifa iliyopangika namna ile. Mwenyekiti, akiwa na meno yake mapya, alishukuru kwa taarifa, akasema imepokelewa na itafanyiwa kazi. Watu wakapiga makofi.

Kisha, kwa kuwa katibu wa kamati alikuwa amehamia mtaa wenye maji, meno yakapendekezwa kushika nafasi yake. Yalikuwa na kumbukumbu nzuri, hayakuwa na ndugu, na hayakula posho. Mikono ikanyooshwa. Mama mkwe alinyoosha yote miwili.

Fundi peke yake alipinga.

"Wewe tena?" mwenyekiti akashangaa. "Si kazi ya mikono yako hiyo?"

"Ni yangu, mzee. Lakini niliyatengeneza yaume. Sikuyatengeneza yasome taarifa."

Watu wakacheka, maana walimpenda fundi. Meno yakaliingiza neno lake kwenye kumbukumbu za kikao, neno kwa neno, bila kitembe, na mwenyekiti akasema limepokelewa.