Kitanda cha Mkurugenzi

Picha ya kamera hupigwa mtu yeyote, hata mwizi kituoni. Picha ya rangi ni ya wakubwa. Mimi ni mfagizi wa hospitali, shule niliishia darasa la nne, lakini nimewafuta vumbi wakurugenzi saba pale ukumbini, na sababu yao naijua: mkubwa huchorwa akisikia fununu za kuhamishwa. Anataka akiondoka yeye, abaki yeye.

Wa nane alitaka zaidi. Wenzake walichorwa wameketi kama magunia. Yeye achorwe ameshika mkono wa mgonjwa, watu wajue ana huruma. Mchoraji akaomba kitanda cha kutazamia. Kikaletwa baada ya siku mbili, kipya, magurudumu bado yamevikwa nailoni, kikawekwa ofisini kwa Mkurugenzi. Mke wangu alikaa siku nne kwenye benchi la korido, anaambiwa vitanda vimejaa, avute subira. Akaivuta mpaka pumzi ikakatika.

Sasa akakosekana mgonjwa. Waliletwa watatu kutoka wodini, Mkurugenzi akawarudisha, eti wanaonekana wagonjwa mno. Ndipo nikamfuata mchoraji akisuuza brashi, nikampa kitambulisho cha marehemu. Nikamwambia huyu alikufa ameketi. Mlaze hapo, uso uonekane, basi, sina haja nyingine.

Akakigeuzageuza. "Rangi yake ilikuwaje, mzee? Hapa wamemtoa kama sufuria ya kuni."

Akamchora. Wiki ile ofisi niliifagia mara tatu kwa siku. Alikuwa amelala, mto mweupe, na lile jicho alilokuwa akinitupia nikirudi nyumbani mikono mitupu.

Mkurugenzi alipokuja kukagua alizunguka kulia, akazunguka kushoto.

"Huyu mama ananitazama vibaya."

"Anaumwa, bosi," mchoraji akasema.

"Aumwe, lakini asinitazame. Mfunike shuka."

Mchoraji akauliza mpaka wapi. Akajibiwa, mpaka macho yapotee. Nikajikaza, nikasema huyo ni mke wangu. Mkurugenzi akanipa hongera.

Shuka likapanda. Picha ikatundikwa ukumbini: Mkurugenzi mwenye huzuni, ameshika mkono uliochomoza kwenye shuka, na shuka limefunika mtu gubigubi. Wakaja wakubwa zake kutoka wizarani, waliokuja kumhamisha. Wakaitazama, wakavua kofia. Mmoja akamshika bega, akamwambia wangejua ana msiba wasingemsumbua. Angesema nini? Akainamisha kichwa, akapokea. Barua ya uhamisho ikarudi mkobani, akapewa na likizo ya wiki mbili.

Wafanyakazi tukapangwa foleni kumpa mkono. Zamu yangu ilipofika niliegemeza fagio ukutani, nikampa pole ya mke wangu.

"Nimeshapoa," akasema.