Sweta Mbili kwenye Kamba Moja

Kazi ilipatikana Jumanne, na kufikia Jumatano Nasambu alikuwa ameshajua kwamba kazi hiyo na nyumba yake haziwezi kukaa pamoja. Jikoni mwa jengo moja la ofisi katikati ya mji, walimtaka awe amevaa aproni saa kumi na mbili kamili asubuhi, kuanzia Jumatatu. Msimamizi alimwambia kwamba akichelewa siku ya kwanza asijisumbue kuja ya pili, na hakuwa anatania. Huko Soweto East, Kibera, walikoishi, mama aliyewalea watoto wake mchana hakufungua mlango kabla ya saa moja. Alibembelezwa, akaombwa, hata ndizi mbivu akapelekewa. Alikula ndizi, akasema saa moja ni saa moja.

Watoto wenyewe walikuwa mapacha wa kike wa miaka miwili na nusu, wanaofanana hadi baba yao akawatofautisha kwa kovu dogo la kidevuni. Wa kwanza kutoka aliitwa Mukhwana, wa pili Mulongo. Kwa Wabukusu hilo si jambo la kukaa kitako na kushauriana. Pacha wakizaliwa, majina hayo mawili yanawangoja mlangoni.

Wekulo, mumewe, fundi wa vitanda, alitafuta nyumba kwa simu. Alipima umbali hadi mjini kwa kidole, akasema wahamie Ngara. Ngara ilikuwa karibu kweli, ila vyumba vyake havikuwa vya watu wa mfuko wao. Nasambu akamwacha na simu yake. Yeye alitaka kujua jambo moja tu: ni wapi wanawake wanatoka kwenda kazini kabla hakujapambazuka, na ni nani anayebaki na watoto wao?

Ukiuliza hivyo, jibu linakuja lenyewe: kwa wauza mboga. Alhamisi alfajiri akashuka steji ya Kawangware 56, mtaa wa wauza mboga. Hakumtafuta ajenti wala hakusoma kibao cha nyumba za kupangisha. Alitembea akiangalia juu, kwenye kamba za nguo, kwa sababu kamba haina unafiki. Kamba itakuambia nani ana maji na nani ana mgonjwa, hata kama mwenyewe amekusalimia kwa kicheko. Nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi akaona kaptura na nepi zimeshaanikwa, jua lenyewe halijatoka. Anayefua nguo za watoto saa hiyo ameamka saa kumi. Nasambu akabisha.

Alikuwa Kalekye, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, na mkekani pake walilala watoto saba wa wauza mboga.

"Mimi hufungua saa kumi na nusu," alisema. "Wako wangapi? Wawili? Leta tu, mkeka ni mrefu."

Na ng'ambo ya njia palikuwa na chumba kitupu. Ploti ilikuwa na milango tisa, ua mmoja na tangi moja la maji, na mwenye ploti, Mama Kimotho, aliishi humo humo, mlango wa kwanza. Stejini ni dakika tatu kwa miguu. Nasambu alikuwa tayari anamshukuru Mungu alipoona ukutani maandishi ya rangi nyekundu: MTOTO MMOJA KWA NYUMBA.

Akaitazama kamba ya ua. Nje ya mlango wa tatu ilining'inia kaptura ya mtoto wa miaka mitatu, na kando yake kaptura ya mtoto wa miaka sita. Mlango wa tano nao vivyo hivyo. Watoto wa ploti hii, alijiambia, wana miguu ya kila kimo. Alicheka kimoyomoyo, akaenda zake. Alipanga kurudi mwenyewe na kumweleza mama huyo ukweli, ana kwa ana.

Kosa lake lilikuwa kumtuma Wekulo Ijumaa akauone mlango kama unafungika.

"Nimechukua chumba," Wekulo alirudi akisema, kifua mbele. "Nimemwambia tuko na mtoto mmoja."

"Akaamini?"

"Ameandika hadi jina. Mukhwana."

Nasambu alifumba macho. "Wekulo. Umeficha mtoto mmoja, halafu ukataja jina linalosema wako wawili."

"Si yule mama ni Mkikuyu? Atajulia wapi?"

Basi Jumamosi wakahamia, na Mulongo akaingia Kawangware amefunikwa na blanketi katikati ya magodoro, kama redio ya wizi. Mchana kutwa mapacha walitoka nje kwa zamu, mmoja akirudi ndipo mwenziwe atoke, sweta ile ile ya zambarau. Mama yao alikuwa amewafumia mbili. Zilipofuliwa, moja ilianikwa uani, nyingine ikakaukia ndani juu ya kitanda. Wekulo aliona mpango unakwenda vizuri sana.

Mama Kimotho hakuona hivyo. "Huyu mtoto wako ako na minyoo," alimwambia Nasambu jioni. "Nimempatia chapati saa tisa, akanishukuru vizuri. Saa kumi amekuja tena ananiangalia kama hajawahi niona. Nikampa ingine. Ama ni macho yangu imeisha?"

Nasambu alicheka kwa sauti isiyokuwa yake. Aliporudi ndani alimkuta Mulongo nyuma ya mlango, akimlilia dada yake aliyekuwa akicheza nje. Alimziba mdomo kwa kiganja. Akamnong'oneza anyamaze, hapa hakuna Mulongo. Mtoto akanyamaza kweli, akamtazama tu. Nasambu alijichukia wakati huo kuliko alivyowahi kujichukia maishani. Kwao mapacha hawabaguliwi hata kwa tonge la ugali. Ukimpa huyu, umempa na yule. Na yeye, mama yao, alikuwa amemfuta mmoja kwa ajili ya chumba.

Jumapili baada ya kanisa, ploti yote ilikuwa uani. Wengine walifua, wengine walisukana. Hapo ndipo aliporudi Lusweti, mwangalizi wa ploti, aliyekuwa amekwenda kwao Bungoma kwa matanga. Alikuwa bado hajatua begi Nasambu alipoita, "Mukhwana! Toka kwa maji!"

Lusweti aligeuka, uso umechanua. "Mukhwana? Ala, tumepata watu wa nyumbani. Na Mulongo amebaki wapi?"

"Mulongo ni nani?" Mama Kimotho aliuliza kutoka kwenye kigoda chake.

Lusweti akaangaza macho uani. Alimwona Wekulo akitazama viatu, akaona maandishi ya ukutani aliyoyapaka kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, akajaribu kurudisha maji kwenye mtungi.

"Ama labda ni jina tu la babu," alisema. "Watu hurithi. Si ndio, mama?"

Mlango wa kuponea ulikuwa wazi kabisa. Nasambu alihitaji kusema "ndio" tu, neno moja, na kesho angevaa aproni yake saa kumi na mbili. Angeweza hata kunyoosha kidole kwenye kamba na kumwambia Mama Kimotho asome kaptura za milango mingine. Akamwona Bridgit wa mlango wa tatu ameshika nguo mbichi kifuani, anamtazama bila kupepesa.

Hakunyoosha kidole kwa mtu. Aliingia ndani, akatoka na Mulongo kiunoni, akamweka chini mbele ya kigoda. Mukhwana alikuja mbio akamshika dada yake mkono.

"Mama Kimotho, huyu ndiye Mulongo," alisema. "Ndiye alikula chapati ya pili. Macho yako ni mazima, ni sisi tumekudanganya. Kesho naanza kazi tao, na nimetembea nikatafuta mahali naweza acha hawa wawili saa kumi na nusu wakiwa salama. Ni hapa tu nimepata. Ukisema tutoke, tutatoka leo. Lakini siwezi tena kusema huyu hayuko."

Mama Kimotho aliwatazama mapacha, akatazama ukuta, midomo imebana. "Tangi ni moja," alisema hatimaye. "Hiyo sheria sikuweka kwa roho mbaya. Kila nyumba ikileta wawili, maji itatosha nani?"

"Imetosha," alisema Bridgit. Aliziweka chini nguo mbichi. Alifungua mlango wake na mvulana wa miaka sita akatoka, akikunja uso kwa jua. "Huyu wangu anaitwa Kevin. Ako hapa tangu mwaka juzi. Ukimwona mchana unadhani ni wa kwa Kalekye. Sisi hufua kwa zamu, ndio maana hujawahi kuona imeisha."

Mlango wa tano ukafunguliwa. Kisha wa saba. Wa nane ulitoa watatu, mmoja akiwa na kijiko mdomoni. Mama Kimotho alihesabu kwa kidole hadi kumi na sita, akapotea, akaanza upya.

"Kumbe mimi naishi na nasari," alisema, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka hadi akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Kisha akawa mkali ghafla, kwa kuwa mwenye ploti ni mwenye ploti. "Zamu ya kufua iandikwe, niione. Na wewe Baba Mukhwana, ukinidanganya tena utalala kwa hizo vitanda zako barabarani. Lusweti, leta brashi."

Jioni hiyo ukuta ulikuwa mweupe na unyevu bado. Nasambu alifua sweta zote mbili, akazianika uani, bega kwa bega.

Jumatatu, saa kumi na moja kasorobo, aliwavusha mapacha hadi kwa Kalekye, akarudi kuchukua mkoba wake. Mama Kimotho alikuwa langoni kwenye giza, amejifunga shuka, ameshika komeo.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Wawili, Mama."

"Haya. Enda kazi."