Jozi Sita Mlangoni

Jumatatu saa nne asubuhi Candida alifagia chumba chake cha ushauri, ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge Kariakoo, akapanga viti vinane. Mteja alikuwa mmoja, nesi Leticia wa wodi ya wazazi, lakini Leticia hakuja peke yake. Wanawake sita waliofia mikononi mwake walimfuata. Walipiga hodi, wakavua kandambili mlangoni, wakaketi wamepakata mifuko yao ya kujifungulia: khanga, pamba, glovu na wembe, vyote walivyonunua wenyewe kama walivyoagizwa kliniki.

Candida alishawazoea. Miaka kumi na tisa alizunguka vijiji vya Newala kwa baiskeli, akisikiliza walimu, manesi, makatekista na masheikh waliochoka kubeba ya watu. Huko marehemu walikaa mkekani.

Leticia alitaka jambo moja tu: iandikwe kwamba hakuwaua.

Akaingia bwana Polycarp, ofisa utumishi wa hospitali, na fomu mkononi. Viti vimejaa, akasimama.

"Habari zenu, akina mama."

"Salama," wakaitikia marehemu.

"Dada Candida, andika nesi ana matatizo ya kifamilia. Apumzike wiki, arudi kazini."

"Nesi mmoja, wazazi thelathini na wawili, damu hakuna. Familia yake imeingiaje hapo?"

"Fomu haina nafasi ya hayo."

Mwenye khanga ya njano akanyoosha mkono. "Mimi nilimwona. Tangu nafika alikuwa anakimbia tu, huku na huku, peke yake."

"Pole sana, mama," alisema Polycarp. "Ila maelezo ya marehemu hatupokei bila kitambulisho."

Mama akapekua mfuko. Alikuwa na kadi ya kliniki tu.

Candida aliwaka. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, na huyu hata kuugusa hakutaka! Akaandika ukweli wote nyuma ya fomu, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika. Polycarp akashukuru, akaikunja vizuri, akaviruka viatu mlangoni, akashuka.

Alhamisi majibu yalikuja. Upande wa nyuma haukusomwa. Leticia aliandikiwa uzembe, na kwa kuwa hakukuwa na nesi mwingine, akarudishwa wodini siku hiyohiyo, peke yake.

Jumatatu Candida alifagia, hasira ikiwa palepale kifuani, akapanga viti tisa. Mlangoni zilivuliwa jozi saba. Ya saba ilikuwa mpya.