Lami ya Tairi Moja

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa nne kasorobo asubuhi, fundi viatu akiwa bado na chaki mkononi. Alikuwa ndiyo kwanza ameandika "jiwe" kwenye soli ya kiatu cha mwalimu. Hiyo ndiyo kanuni yake: kila kiatu kinachoingia kibandani huandikwa kilichokiua. Jiwe, maji, msumari, uzee. Fundi asiyejua kilichorarua kiatu atakishona leo, na keshokutwa kitarudi mdomo wazi kikimcheka. Shule ilimwacha darasa la nne, lakini maneno hayo aliyaandika vizuri kuliko karani yeyote.

Akaitwa nyumbani. Mkewe alikuwa ameanguka jikoni, sufuria bado iko motoni. Shemeji yake, kaka wa mke, akaja mbio na pikapu ya kubebea matofali. Zahanati ipo juu ya mlima, kilomita saba. Kwenye kona ya tatu, pembeni mwa korongo, pikapu ilizama matopeni mpaka kwenye ekseli. Walisukuma, wakatandika matawi, wakatukana kila aliyestahili kutukanwa, na hawakuwa wachache. Mke, aliyelazwa nyuma juu ya magunia, akafungua macho.

"Ungenipakia kwenye huyo mke mwenza tungeshafika," akasema.

Mke mwenza ni baiskeli ya mumewe. Mke alikuwa sahihi, kama kawaida yake, na hakusema tena.

Cheti cha kifo kilitoka baada ya wiki mbili. Fundi alikisoma kwa kidole, herufi moja moja, mpaka akafika penye chanzo cha kifo: mgonjwa alichelewa kuletwa. Akakikunja, akaenda nacho ofisi ya wilaya.

"Hapa pamekosewa," alimwambia karani. "Andika barabara. Kilichomuua ni barabara."

Karani akafungua jalada. "Mzee wangu, barabara ipo. Lami, kilomita saba, imekamilika mwaka juzi. Mtu mwenye haraka ni dakika kumi na tano. Nyie mlitumia saa tatu. Mlikuwa mnafanya nini njiani?"

"Tulikuwa tunaitafuta hiyo lami."

Karani hakucheka. Alisema barabara ikiwepo, aliyechelewesha ni mume, na cheti hakifutwi kwa sababu mtu ana uchungu. Pale chini ya mlima kweli kulikuwa na bango: BARABARA HII IMEKAMILIKA. Mbuzi walikuwa wanalala kwenye kivuli chake. Ndiyo faida pekee iliyopatikana kwenye mradi mzima.

Fundi hakuwa mwendesha baiskeli wa kutajika. Hiyo ya mlimani aliipata kwenye mitumba: tairi nene zenye meno, springi mbele, gia saba, tatu tu ndizo zilizomtii. Aliipanda kila Jumapili kwa raha zake, na mkewe alizoea kumuuliza, "Mke mwenza kaamkaje leo?" Baada ya mazishi akawa anaipanda kila siku, saa kumi jioni, akishafunga kibanda, mpaka zahanati, apime muda wa njia. Aliyoyajua alijifunza kwa kuanguka. Punguza upepo kwenye tairi ili lishike mawe badala ya kurukaruka. Kwenye mteremko usikabe breki ya mbele, utapita juu ya usukani kama gunia. Na usiangalie jiwe unaloliogopa, kwani gurudumu hufuata jicho. Ukilitazama korongo, utaingia korongoni. Kwa hiyo kwenye kona ya tatu alikuwa akitazama mbele tu, shingo imekakamaa.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, baiskeli ikawa nyepesi. Akatazama chini, akaona anapita juu ya lami. Ilikuwa nyeusi, laini, upana wa tairi moja, na katikati ina mstari mweupe mwembamba kama uzi wa kushonea. Ilianzia chini ya tairi la mbele na kuishia nyuma ya tairi la nyuma. Ikishapitwa, matope yalijifunga. Alishuka, akaipima kwa futi ya kupimia nyayo, akaigonga kwa kisigino. Haikuwa lami mbaya. Akapanda tena. Alifika zahanati kwa dakika kumi na tano.

"Leo mapema," alisema muuguzi, akihesabu mabunda ya pamba.

"Nimepita barabarani."

"Aa," muuguzi akasema, akaendelea kuhesabu.

Fundi akakaa kwenye benchi la nje, akashikwa na hasira. Dakika kumi na tano, kama alivyosema karani. Kila akipanda mlima kuwakanusha, barabara yao inamkimbilia miguuni na kutoa ushahidi. Shahidi huyo fundi hakumwita, na alikuwa wa upande wa pili.

Habari zikaenea, na watu wakazipokea kama habari za bei ya sabuni. Muuza mkaa aliona lami hiyo, akalalamika kwamba ni nyembamba. Shemeji akaazima baiskeli akamfuata fundi nyuma, akazama hapo hapo.

"Shemeji, kitu hiki kinakujua wewe tu."

"Wamejenga barabara ya mtu mmoja," fundi akasema, "na huyo mmoja hakuiomba."

Alikuwa amepeleka lalamiko kuhusu cheti, na sasa likajibiwa. Akaja mkaguzi, viatu vyeusi vinang'aa, kamera shingoni, karani pembeni yake. Gari la ofisi walilisimamisha kwenye bango. Dereva alikataa kwenda mbele. Alisema gari la ofisi halipiti pale, litaharibika.

"Tunasikia barabara inaonekana ukiipanda," mkaguzi akasema. "Basi panda, tupige picha, tufunge lalamiko."

"Nisipopanda?"

"Tutaandika kwamba mlalamikaji amekataa kushirikiana."

Shemeji akamvuta mkono. "Usiwape, bwana. Wakiipata picha, imekwisha. Itakuwa ni wewe uliyemuua dada yangu, mpaka kiama."

"Nawapa," fundi akasema. "Nawapa yote."

Akapanda. Lami ikatoka, tiifu, mstari mweupe mahali pake. Wakubwa wawili wakamfuata kwa miguu, wakikanyaga majani ya kando na kuinua suruali. Alikwenda taratibu ili wasiachwe. "Piga hapo! Piga na hapo!" karani alikuwa akisema, amefurahi kama mtoto aliyepata jino jipya.

Kwenye kona ya tatu fundi alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ile Jumanne. Aligeuza shingo na kutazama korongo. Akaona mitaro miwili ya matairi ya pikapu, na matawi waliyoyatandika, yamekauka lakini bado yapo. Aliyatazama barabara, bila kupepesa.

Gurudumu likafuata jicho. Akasogeza makalio nyuma ya kiti, akaachia breki, akashuka nayo ndani ya matope, springi zikilia, mawe yakimgonga miguuni. Lami ilibaki juu peke yake kidogo, kama mkanda uliosahauliwa kwenye kamba, kisha ikajikunja ikaondoka. Mkaguzi, jicho bado liko kwenye kamera, alipiga hatua mbili juu ya kitu ambacho hakikuwepo tena. Karani alizama mpaka magotini. Mkaguzi akatoka na kiatu kimoja kizima. Cha pili kilitoka, soli ikining'inia.

"Hapo ndipo," fundi akawaambia kutoka chini, amejaa matope mpaka kwenye nyusi. "Hapo ndipo tulipokuwa tunafanya mambo njiani."

Ripoti ilitoka mwisho wa mwezi. Ilisema barabara ipo na iko katika hali nzuri, ila inashauriwa ipanuliwe kidogo. Picha ziliambatishwa. Cheti hakikuguswa.

Fundi bado anapanda kila siku saa kumi. Lami humjia mara kwa mara, ikijipenyeza chini ya tairi kama mbwa anayeomba msamaha, naye huitazama mitaro, akaingia matopeni. Akifika juu humwambia muuguzi, "Andika saa niliyofika." Muuguzi huandika. Ana daftari zima sasa.

Lakini siku ile ile ya ukaguzi, kabla ya gari la ofisi kuondoka, mkaguzi alikuja kibandani akichechemea, kiatu mkononi. Fundi viatu mwingine hakuna mpaka mjini.

Fundi alikipokea kwa heshima. Akakigeuza, akaipangusa soli, akachukua chaki.

"Kimeraruliwa na nini, mkubwa?"

Mkaguzi akamtazama karani. Karani akalitazama bango.

"Wewe shona tu, fundi."

"Sishoni nisichokijua chanzo. Ni kanuni."

Mkaguzi aliondoka na kiatu kimoja. Cha pili kiko kwenye rafu mpaka leo, kati ya kiatu cha mwalimu na makobazi ya muuza mkaa, soli yake haina neno. Kila mtu wa ofisi anayepita pale, hata aliyekuja kung'arisha tu, fundi humwinulia kiatu hicho, chaki tayari, na kumuuliza kwa sauti inayofika mpaka kwenye bango: hiki nacho, kiliraruliwa na nini?