Kinda wa Fulmari na Baba Askofu

Aliyetapikiwa na kinda wa fulmari, ndege wa baharini, haingii nyumbani mwa mtu, wala haketi na walio safi, mpaka jua lichwe siku ya pili. Sheria hii haikuandikwa popote katika kijiji cha Hvannavík, kwa kuwa pua za watu zilitosha kuitunza. Ndege yule, akiwa bado mchanga na mnono kiotani, hurusha kutoka tumboni mafuta ya rangi ya chungwa yanayonuka kama samaki aliyekufa bila kutubu. Na nguo ikishayapata, sabuni hushindwa.

Aliyeishika sheria kuliko wote alikuwa Hallgerð, mjane, mzee wa kanisa. Kila Agosti ndiye aliyewaongoza watu kwenda kisiwa kidogo cha Lítlihólmur kuwavisha makinda pete za chuma miguuni, ili ndege akiokotwa mbali ijulikane alikozaliwa. Katika miaka yote hiyo hakupata kutapikiwa hata tone, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko unyenyekevu unavyoruhusu. Hata shemeji yake Tróndur, mwenye mashua, alipotapikiwa, Hallgerð alimwondoa mezani siku ya harusi ya Tróndur mwenyewe; bibi harusi akaikata keki peke yake, na kipande cha bwana harusi kikapelekwa zizini.

Jumamosi moja ya Agosti Askofu Absalon aliwasili kutoka mjini Tórshavn. Alikuja kuamua kama ibada ziendelee Hvannavík, au kanisa lifungwe na watu wasali kijiji cha pili, ng'ambo ya mlima. Hallgerð alibatizwa katika kanisa lile, akafunga ndoa mle, na kutoka mle akamsindikiza mumewe kaburini. Basi akaandaa paja la kondoo, viazi na jamu ya rubabu, mmea wa mashina machachu, akaazimia kumkalisha Askofu karibu naye na kumweleza neno moja kwa kila kipande cha nyama. Kwa maoni yake, mtu mwenye kinywa kilichojaa hawezi kusema hapana.

Lakini Askofu alitaka kwanza kuona kazi ya pete.

"Utamjia kutoka juu, Baba Askofu," Hallgerð alimwonya walipopanda mteremko wa kisiwa. "Mmoja anamfunika kichwa kwa soksi, mwingine anafunga pete kwa koleo. Usimjie kwa mbele. Na usimsalimie."

Askofu akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kwa mbele, akainama, akasalimia.

"Jamani, kiumbe cha Mungu! Hebu kiangalieni kinavyonitazama, utadhani mtoto wa ubati—"

Kinda akampiga ndevuni. Askofu akafumbua kinywa amalize neno lake, na kinda akaliona lango limefunguka, akapiga tena.

"Haya, umebatizwa upya, Baba," alisema Tróndur. "Na huyu si wa kanisa letu. Sisi tunanyunyiza, yeye anazamisha."

Hallgerð hakucheka. Alimvika kinda soksi, akamkabidhi Askofu koleo, na Askofu, akitema mate, akaifunga pete barabara. Wakati wa kurudi walimweka nyuma kabisa ya mashua, nao wote wakajibana mbele hata omo ikakaribia kunywa maji.

Gatini watu walikuwa wamejipanga kumlaki. Walipovuta pumzi, mpangilio ukavunjika.

"Shemeji," Tróndur akapaza sauti ili wote wasikie, "sheria inasemaje leo? Au imekwenda likizo?"

Hallgerð alisimama. Akimwingiza Askofu nyumbani, hakuna mtoto wa Hvannavík atakayeyaheshimu maneno yake tena. Asipomwingiza, amepoteza meza yake, na huenda na kanisa.

"Baba Askofu, utakula kwenye banda la mashua," alisema. "Na utalala humo humo."

"Mama, mimi ni askofu."

"Ndiyo, Baba. Na unanuka."

Askofu akaenda, ameshika kofia mkononi. Hallgerð akaingia kwake kubadili nguo, akavaa vazi la heshima la nyanya yake, lenye kifua cha tarizi na vifungo vya fedha, kwa kuwa alikwisha kulitoa sandukuni tangu asubuhi na hakutaka kuonekana ameshindwa. Akapakua sahani. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba sahani ya aliyetapikiwa huwekwa juu ya jiwe, na mwenye kuiweka hurudi nyuma.

Tróndur alikuwa kizingitini, anamsubiri.

"Sasa utamwelezaje habari za kanisa? Utampigia kelele? Upepo huu utayafikisha maneno yako Norwe."

Hallgerð aliweka sahani chini, akazunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye genge fupi ambako kinda mmoja alikaa nyasini, mviringo kama mto wa kulalia. Akapiga magoti mbele yake.

"Shemeji!" Tróndur alikuja mbio. "Una wazimu? Nguo ya nyanya yako hiyo!"

"Kaa mbali." Kisha akamgeukia ndege. "Haya, mwanangu. Mimi hapa."

Kinda akamtazama. Hakufanya lolote.

"Unaona?" alisema Tróndur. "Hata ndege wanakuogopa."

"Nyamaza, we mla keki ya kupelekewa zizini!" Akamsogelea kinda hata uso ukakaribia mdomo. "Na wewe, mvivu mkubwa, huna adabu wala mafuta? Mama yako alikulisha upepo?"

Akavua kiatu, akakitikisa mbele ya macho yake. Ndipo kinda alipokunja shingo, akamwagia kila alichopewa na mama yake tangu alipoanguliwa: tarizi, vifungo, kidevu, vyote.

Tróndur akavua kofia kama mtu aliye msibani.

Hallgerð akaingia bandani na sahani mbili. Askofu akanusa, akatazama, akasogea kumpisha kwenye gogo.

"Waliotapikiwa huketi pamoja," alieleza Hallgerð. "Kula, Baba, nyama inapoa."

Wakala. Askofu akasema kwamba Jumapili iliyopita walihesabiwa waumini kumi na watatu.

"Bwana wetu alianza na kumi na wawili," alijibu Hallgerð, "na mmoja wao alikuwa mwizi. Sisi wezi hatuna. Tuna Tróndur tu."

Askofu akakohoa kiazi. Alipopata pumzi akauliza, "Umejipaka uchafu huu makusudi?"

"Nikikataa nitakuwa nimesema uongo mbele ya askofu."

"Na vazi hilo, litasafika?"

"Halisafiki."

Askofu akakata kipande kingine cha nyama, akiangalia kile kifua cha tarizi.

"Ibada zitaendelea," alisema. "Mara mbili kwa mwezi."

"Kila Jumapili."

"Mama Hallgerð, mara mbili."

"Na Krismasi."

"Na Krismasi. Nipitishie jamu."

Kesho yake kengele ilipolia, Hallgerð alifika mlangoni pa kanisa, akamkuta Tróndur amesimama katikati, mikono kifuani.

"Jua halijachwa, shemeji. Na nyumba ya Bwana ni nyumba."

"Najua," alisema Hallgerð, akageuka mwenyewe.

Askofu alihubiri akiwa nje, ameegemea dirisha, na Hallgerð kando yake katika nyasi zilizoloa, akiimba zaburi kwa sauti iliyowapita wote waliokuwa ndani. Katikati ya mahubiri upepo uligeuka, wakafungiwa dirisha. Askofu akamalizia kwa kuuelekea ukuta.

Mashua ilimchukua Askofu alasiri. Hallgerð alibaki uani pa kanisa, bila kuketi na mtu, hata jua likazama. Ndipo aliposhuka kijitoni, akajisugua, akavaa nguo kavu, akarudi kuingia kanisa lililokuwa tupu na lenye giza kidogo. Akaenda mpaka kwenye kiti chake cha mbele. Kabla hajaketi alikifuta kwanza kwa kitambaa, kwa maana asubuhi ile alikuwa amekikalia Tróndur.